Posa Iliyosomwa na Mtaa Mzima

Mara ya kwanza Enos Jowett alipomposa Tamar Sugden, alikuwa kwenye foleni ya duka la utumbo, na Tamar mwenyewe hakuwepo.

Aliyekuwepo ni Zillah Bairstow, jirani yao. Zillah alikuwa ameshahudumiwa na anatia siki kwenye bakuli lake, akainua macho, akamwona Enos mwisho wa foleni akilikodolea macho bango la sabuni huku midomo ikimcheza. Akaisoma posa yote kwenye midomo ile, tangu salamu mpaka kuku. Kisha akafunika bakuli kwa kitambaa, akaupita mlango wake mwenyewe bila kuingia, akaenda kugonga kwa Tamar.

"Shoga, umeposwa," akasema.

Tamar alikuwa anapiga pasi blauzi ya Jumapili. "Na nani?"

"Na Enos, huyu wa ng'ambo ya barabara. Ila mwenyewe hajui kama ameshasema."

Tamar akaiweka pasi jikoni, akakaa kwenye kiti. "Amesemaje?"

"Amesema yeye si mtu wa maneno mengi. Halafu akayasema mengi."

Jambo kama hili halikuwa la kushangaza pale. Bradford, mji wa viwanda vya sufu kaskazini mwa Uingereza, ulikuwa umepewa hadhi ya jiji na malkia, miaka michache kabla malkia hajafa, lakini mtaa wa Garnet haukuona tofauti. Dohani zilikuwa zile zile, mawe ya nyumba meusi kwa masizi yale yale, na nusu ya wanawake wa mtaa walikuwa wafumaji kama mama zao. Ndani ya banda la kufumia, mitambo ilinguruma hivi kwamba mtu akikupigia yowe sikioni, unachopata ni joto la pumzi yake. Kwa hiyo kila msichana aliyeingia kazini alijifunza mambo mawili: kuunga uzi uliokatika, na kusema kwa midomo. Hawakutoa sauti. Waliivuta midomo na kuikunja, polepole na wazi, na mwenzao wa upande wa pili wa banda akasoma kila neno. Jioni walirudi nayo nyumbani tabia hiyo. Kanisani au kwenye tramu, wafumaji wawili waliweza kumsema mtu wakammaliza, naye amekaa katikati yao akifurahia utulivu.

Enos hakuwa mfumaji. Alikuwa mchambua sufu, kazi ya ghorofa ya juu ya kiwanda kile kile, penye madirisha makubwa na kimya. Siku nzima alisimama mezani akiifungua sufu ya kondoo mmoja mmoja, akitenga kwa vidole ile laini ya mabegani na ile ngumu ya mapajani, na huko hakuna aliyemsumbua kwa mazungumzo. Kusoma alijifunza ukubwani, kwenye darasa la Jumapili, kwa kutamka kila neno kwa midomo. Darasa liliisha, midomo ikaendelea. Chochote kilichopita kichwani mwake kilipita na mdomoni, bila sauti, na yeye hakujua. Tangu mama yake afariki aliishi peke yake na kuku sita, nao hawakuwahi kumwambia.

Wala majirani hawakumwambia. Mwanzoni ilikuwa adabu tu, maana si vizuri kumwambia mtu mzima kwamba kichwa chake kina dirisha. Baadaye, posa ilipoanza, wakaona kumnyamazisha kutakuwa hasara kwa mtaa mzima.

Tamar alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu. Mumewe aliondoka kwa maradhi ya kifua, akamwachia nyumba ya kupanga, saa ya ukutani isiyoaminika, na kiti kimoja kizuri. Alikuwa na dada, Leah, mwenye nyumba ya wageni kule Morecambe, pwani, ambako watu wa Bradford walikwenda kupumzika. Leah alitaka Tamar ahamie kwake moja kwa moja, awapikie wageni na kuwafulia mashuka. Alikuwa amempa muda mpaka wiki ya Bowling, ile wiki ya Agosti ambapo viwanda hufungwa na mji mzima hupanda treni. "Ukija wiki hiyo uje na sanduku lako kubwa," Leah alikuwa amesema. "Usipokuja nalo, nitamchukua mtoto wa mchungaji, naye kwa kupika si haba."

Tamar hakutaka kumaliza maisha yake akichemsha mayai ya watu wengine. Alimtaka Enos. Alimtaka tangu majira ya baridi yaliyopita, alipofungua mlango asubuhi akakuta theluji imeshafagiliwa kwake, huku mlangoni kwa Enos imejaa mpaka kwenye komeo na Enos mwenyewe akijaribu kutokea dirishani. Lakini hakuwa tayari kuolewa kwa tetesi.

"Mtaa mzima umeposwa isipokuwa mimi," alimwambia Zillah. "Mwanamke mwenye heshima zake anasubiri asikie kwa masikio."

"Masikio gani, wewe? Miaka thelathini kwenye mitambo. Masikio yako ni pambo."

"Hayo hayo. Aseme nisikie."

Basi wakasubiri. Enos alikuwa mtu wa taratibu, hakupenda kuanza jambo kabla ya kulitengeneza. Aliirudia posa yake kwenye tramu, kwenye bustani ya kuku, na kanisani wakati wa mahubiri, ambapo kina mama wa kwaya, waliokaa wakimwelekea, walishindwa kufuata wimbo. Kila asubuhi taarifa mpya zilifika bandani kabla ya Tamar hajafunga aproni.

"Leo kaongeza paa," Zillah alimwambia kwa midomo, kutoka kwenye mitambo yake ng'ambo ya njia. "Anasema paa lake halivuji ila pembeni."

"Kwa nini amtajie mtu pembeni?" Tamar alijibu, mkono wake ukiunga uzi. "Si angesema halivuji tu?"

"Ni mkweli."

"Ukweli wa pembeni angeuacha mpaka baada ya harusi."

Mama mmoja wa safu ya tatu, aliyekaa nyuma ya Enos kwenye tramu na kumsoma katika kioo cha dirisha, aliingilia. "Ile ya marehemu mama yake bado ipo. 'Mama yangu alikuwa mgumu, lakini hayupo tena.' Hiyo mimi siipendi. Inaonekana kama anatangaza chumba kipo wazi."

"Na ile ya chai?" Tamar aliuliza. Aliuliza bila kutazama mtu, kana kwamba anauliza habari za mvua.

"Ya chai ipo."

Ya chai ilikuwa hivi: "Kila jioni ukipita dirishani kwangu, chai yangu hupoa." Wanawake mia moja walikuwa wameyapitisha maneno hayo kutoka mtambo hadi mtambo, na nyapara alipopita siku ile alishangaa kukuta safu nzima inatabasamu mbele ya kitambaa cha suti ya mazishi.

Ilipobaki wiki moja kufika wiki ya Bowling, Enos akavuka barabara. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Alivaa kola iliyomkaba, na mkononi alishika mayai yaliyofungwa kwa gazeti. Kando ya mtaa, mapazia yalisogea. Zillah alitoka kusugua jiwe la mlangoni pake, ambalo alikuwa amelisugua jana.

"Karibu, Bwana Enos," Tamar alisema. Sauti yake ilikuwa kubwa, kama ya wafumaji wote. "Karibu kiti."

Enos alikaa kwenye kile kiti kizuri. "Asante, Bi. Tamar. Nimekuletea mayai."

"Asante. Kuku hawajambo?"

"Hawajambo. Yule mwekundu anadonoa."

"Anadonoa wenzake?"

"Anadonoa yeyote."

Wakanywa chai. Ya Enos ilipoa. Aliweka kikombe, akakishika tena, akakohoa, na Tamar akainama mbele kidogo ili kumsaidia.

"Bi. Tamar," Enos alisema, "mimi si mtu wa maneno mengi."

"Ndiyo?" Tamar alisema.

Enos alifungua mdomo. Kilichotoka ni mlio mdogo kama wa mlango wa kabati. Akatazama saa ya ukutani, akasema saa ile naona iko nyuma, Tamar akasema iko mbele, wakaizungumzia saa kwa muda. Kisha Enos akainuka, akashukuru kwa chai, akaondoka.

Hakufika kwake. Alisimama chini ya nguzo ya taa katikati ya njia, mgongo kwa nguzo, uso kwa nyumba ya Tamar, macho chini kwenye viatu vyake. Na pale midomo ikafunguka ikasema yote, paa na mama na chai, bila kukosea hata mahali pamoja. Tamar alikuwa dirishani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuisoma mwenyewe, si kwa kupokea. Ilipofika ya chai alishika pazia.

Na kabla hajajizuia, alijibu. Alijibu kama alivyozoea kujibu maisha yake yote, kwa midomo, wazi na polepole: "Ndiyo, Enos. Nimekubali."

Enos aliinua macho, akaona jirani yake yuko dirishani anatafuna kitu. Akamwinulia kofia, akaenda kuwalisha kuku.

Nyumba zote za upande ule zilikuwa zimeona. Zillah aliangusha brashi yake kwenye ndoo.

Jumatatu Tamar alipoingia bandani alipokea pongezi kutoka pande zote nne. Mmoja alimletea kipande cha keki ya shayiri na tangawizi, mwingine alimwuliza atavaa rangi gani.

"Acheni," Tamar alisema kwa midomo, "nimechumbiwa na mtu asiye na habari."

"Tumwambie basi," alisema Zillah. "Nikimpata leo jioni namwambia: Enos, baba, yamekwisha, nenda kanunue pete."

"Ukimwambia atajua tumemsoma tangu Juni. Atakufa kwa aibu. Au atahamia Leeds."

Zillah alifikiri. "Hapana, Leeds hapana. Hajamkosea mtu."

Tamar alirudi kwenye mitambo yake. Uzi ulikatika, akaunga. Ukakatika mwingine, akaunga. Alikuwa na kawaida ya kufikiri vizuri mikono ikiwa na kazi, na asubuhi ile alifikiri hivi: Enos hashindwi kusema. Nimemwona akisema vizuri kuliko mchungaji. Anachoshindwa ni kusikiwa. Akidhani hakuna anayemsikia, maneno yanatoka yenyewe. Aliinua kichwa akalitazama banda, mikanda ikizunguka juu hadi kwenye dari, mitambo ikigonga, vumbi la sufu hewani, na kelele ambayo alikuwa amesahau kwamba ni kelele.

Jioni alivuka barabara yeye. "Bwana Enos," alisema, "Jumamosi injini ya kiwanda ikisimama naenda stesheni moja kwa moja. Nitakuwa na sanduku langu bandani, lile kubwa. Ni zito. Ungeweza kuja kunibebea? Uje mapema, kabla ya saa sita."

Habari za Leah na Morecambe zilikuwa zimemfikia hata yeye. "Lile kubwa," alisema.

"Lile kubwa."

"Nitakuja," alisema Enos. Midomo yake iliendelea baada ya sauti kukoma, ikasema: Mungu wangu, anahama. Tamar alijifanya anatazama kuku.

Jumamosi ile banda zima lilifuma kwa bidii ambayo nyapara hakuwahi kuiona siku ya kufunga. Hakuna aliyeinua uso. Kila mwanamke alikuwa ameinamia kitambaa chake, na kila mmoja alikuwa amejipanga pale ambapo, kwa pembe ya jicho, mlango unaonekana.

Enos aliingia amevaa ile kola. Kelele ilimpiga akarudi nyuma hatua. Hakuwahi kuwa na sababu ya kuingia humo, kazi yake ilikuwa juu, nayo ilikuwa ya vidole. Alikwenda kati ya mitambo kama mtu anayevuka mto, akafika kwa Tamar, akaliona sanduku. Alisema kitu, labda salamu. Hakusikia sauti yake mwenyewe. Akasema tena. Akapiga mguu sakafuni, hakusikia mguu.

Tamar aliona uso wake ukibadilika. Ulifunguka kama wa mtu aliyevua kiatu kinachobana. Enos alitazama kushoto, wanawake wote wameinama. Akatazama kulia, wameinama. Akavuta pumzi, na mishipa ya shingo ikatokeza juu ya kola, na Tamar akajua kwamba safari hii ndani ya midomo ile kuna sauti.

"Bi. Tamar!" Enos alipiga kelele. "Mimi si mtu wa maneno mengi!"

Alisema yote. Alisema ana kazi, na paa, na pembeni. Alisema hanywi ila Krismasi. Aliitaja chai, na baada ya chai akaongeza jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisoma: kwamba Tamar akienda Morecambe, chai itabaki ya moto, na yeye hataki kuinywa. Zillah, aliyekuwa anasoma kwa jicho moja, aliachia uzi ukatike.

Sasa, siku ya kufunga, mtu wa injini naye huwa na treni ya kuwahi. Hangoji saa sita ifike sawasawa. Kule chini alifunga mvuke, na mikanda ikalegea, na mitambo yote mia tatu ikapiga pigo la mwisho kwa pamoja na kunyamaza. Enos alikuwa amefumba macho ili akumbuke vizuri.

"Na yule mwekundu nitamchinja!" sauti yake ikapaa hadi kwenye vioo vya paa. "Ukitaka nitamchinja leo!"

Ukanda mmoja ulipigapiga dari, ukatulia. Vumbi la sufu lilishuka taratibu. Enos alifumbua macho. Wanawake mia moja walikuwa wamesimama wima, wanamtazama.

"Usimchinje," Tamar alisema.

Enos alibaki pale. Rangi ilimpanda kutoka kwenye kola hadi kwenye masikio. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Kuna mtu amesikia?"

Hapo Tamar angeweza kumwonea huruma akamaliza. Lakini alikuwa amengoja tangu Juni. "Tumesikia habari za kuku tu," alisema. "Mwanzo haukusikika. Ungeanza tena, Enos."

Nyapara, aliyekuwa mlangoni na saa mkononi, alisema jamani treni. Zillah alimwambia treni ziko nyingi leo, mwanangu, kaa. Wanawake wakakaa, wengine juu ya vikapu, wengine kwenye ukingo wa mitambo, wakafuta mikono kwenye aproni. Enos aliwatazama, kisha akamtazama Tamar peke yake, na kwa kuwa aibu ilikuwa imeshafika mwisho wake na haina pengine pa kwenda, akaanza.

"Bi. Tamar. Mimi si mtu wa maneno mengi."

Sauti ilitetemeka lakini ilitoka. Akasema ana kazi. Akasema ana nyumba yenye paa. Na hapo aliinua macho kidogo, akaona kitu. Midomo ya Zillah ilikuwa inakwenda. Ya mama wa safu ya tatu pia. Midomo ya banda zima ilikuwa inakwenda, kimya, pamoja naye, kama waumini wanaosali na mchungaji. Enos hakuwahi kujifunza kusoma midomo, lakini haya yalikuwa maneno yake, akayasoma. Lisilovuja, midomo ilisema. Ila pembeni.

Alinyamaza. Nayo ikanyamaza.

"Mmejua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu duka la utumbo, baba," alisema Zillah.

Enos alilipokea jambo hilo polepole, kama alivyopokea sufu mezani, akaligeuza huku na huku. Tramu. Kanisa. Kwaya. Nguzo ya taa. Watu walisubiri. Tamar alishika ukingo wa mtambo wake, na kwa mara ya kwanza siku ile akaogopa.

"Basi," Enos alisema hatimaye, "ile ya chai mliionaje?"

Banda zima lilijibu kwa pamoja, kwa sauti, na kwa kuwa zilikuwa sauti za wafumaji, hakuna aliyeelewa kitu.

"Ya chai iache," Tamar alisema walipotulia. "Ya mama yako ndiyo uitoe."

Enos aliitoa ile ya mama yake, akaendelea mpaka mwisho. Na Tamar alijibu kwa sauti, mara mbili, maana mara ya kwanza Enos alidhani amekohoa.

Kule Morecambe Tamar angekwenda bado, lakini kumwambia tu Leah amchukue mtoto wa mchungaji. Treni yao ilikuwa imeondoka, wakashuka mlima kuelekea stesheni kuiwahi inayofuata. Enos alikuwa mbele na lile sanduku begani, Tamar ubavuni kwake, na nyuma yao banda zima likiwa na vikapu na miavuli. Moshi wa mji ulikuwa umeanza kupungua, kama kila mwaka wiki ile. Zillah aliona shavu la Enos likicheza. Aliharakisha, akapinda kichwa huku na kule, lakini sanduku lilimziba.

"Tamar!" aliita. "Midomo inakwenda. Anasema nini?"

Tamar hakugeuka. Alikuwa anausoma ule uso wa pembeni, na alisoma mpaka mwisho kabla ya kujibu.

"Hayo ni yangu," alisema.